Breki Iliyopona Yenyewe

Kijana aliingia piti mkono wa kushoto ukiwa juu, akazima injini kabla hajasimama sawasawa. "Fundi, breki imelala," akaniambia huku akihangaika na kamba ya helmeti. Nikaushika mkono wa breki ya mbele nikaubana. Ulikuja mpaka ukakaribia kugusa kishikio, mlaini kama sifongo iliyolowa. Tulikuwa Donington Park, katikati ya Uingereza, raundi ya tatu ya asubuhi. Alikuwa na Honda VFR800 nyekundu ya 1999, pikipiki aliyoinunua kwa ajili ya safari, na siku ile ndiyo kwanza ameileta uwanjani. Nikamwambia aiache ipoe, akanywe maji. Baada ya robo saa hivi akarudi, akaubana mkono ule ule, ukawa mgumu kama jiwe. Uso ukamchangamka. "Imepona yenyewe, fundi. Raundi ijayo naingia."

Sikumruhusu. Breki inayolala ikabaki imelala, kila mtu ataiogopa. Hii inayolala na kuamka ndiyo inayorudisha watu kwenye kona wakiwa wameiamini.

Mimi na kijana huyu sote tumetoka Pwani, yeye Likoni, mimi Tanga, na sasa tunaishi Leicester, kama kilomita 30 kutoka uwanja huo. Kila mwaka wananijia vijana wa aina yake: wana pikipiki ya zamani ya masafa marefu, wametazama mbio kwenye televisheni, wanauliza kama wanaweza kuingia nayo uwanjani. Jibu langu ni ndiyo, na ninalisema bila kusita. Ila huwa nawaomba waache kuuliza pikipiki ina nguvu kiasi gani au imetembea kilomita ngapi. Waulize ina umri gani, na umri huo umejificha wapi.

Kwanza nieleze siku ya uwanja ni kitu gani, maana wengi huidhania kuwa mashindano. Unalipa ada, unakaguliwa leseni na mavazi ya ngozi, unasikiliza maelezo ya bendera na kanuni za kumpita mwenzako, kisha unawekwa kwenye kundi: wanaoanza, wa kati, au wenye kasi. Kila kundi linaingia kwa dakika 20, linatoka, linapisha wengine, hivyo hivyo mpaka jioni. Mizunguko ya kwanza mnakwenda taratibu nyuma ya mwalimu ili kila mtu auone uwanja. Hakuna kombe. Kuna lami safi inayokwenda upande mmoja tu, hakuna mbuzi wala lori wala mwenda kwa miguu, na kuna gari la wagonjwa linalosubiri. Kwa mtu anayependa pikipiki, hapo ndipo mahali pa heshima pa kujifunza kona.

Pikipiki za safari na mbio, kama hii VFR, zilibuniwa zibebe watu wawili na mizigo kutoka London mpaka kusini mwa Ufaransa bila kuwavunja mgongo, na bado ziweze kupinda milimani kwa kasi. Kwa msomaji aliyezoea Boxer 150, yenye nguvu za farasi kama 12, mashine hii ina zaidi ya 100. Injini yake ni ya silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, cc 781, na inatokana na ile ya RVF750 ambayo John Kocinski alitwalia ubingwa wa dunia wa Superbike mwaka 1997. Kwenye matoleo ya 1998 hadi 2001 shafti za valvu zinazungushwa na gia badala ya cheni, ndiyo maana ina ule mlio wa kufoka kama cherehani kubwa. Chuma cha injini hiyo hakichoki upesi. Nimefungua iliyokwisha tembea zaidi ya kilomita 90,000 na ndani ilikuwa safi.

Kwa hiyo injini iache. Ipe oili mpya, angalia kiwango chake kila baada ya raundi mbili kwa sababu injini ikikaa muda mrefu kwenye mizunguko ya juu huipunguza, basi. Umri wa pikipiki hii haumo kwenye chuma. Umo kwenye mpira na kwenye vimiminika: mafuta ya breki, paipu za breki, tairi, oili ya shokapu za mbele, sili, mipira ya maji. Hivi vyote vinazeeka hata pikipiki ikiwa imefunikwa turubai miaka kumi bila kwenda popote. Tena pikipiki iliyokaa ndiyo ninayoihofia zaidi. Mwenye nayo hukuonyesha kwa fahari kwamba imetembea kidogo, kumbe alichokuonyesha ni miaka.

Turudi kwenye breki ya kijana. Pikipiki yake yenye mafuta, pamoja na yeye mwenyewe na mavazi yake, tuseme ni kilo 320. Mwisho wa Starkey's Straight, sehemu ndefu iliyonyooka pale Donington, anafika kama kilomita 200 kwa saa, halafu anatakiwa ashuke hadi 80 au 90. Ukipiga hesabu ya nguvu ya mwendo inayopaswa kupotea kutoka 200 hadi 80, unapata kilojuli 415 hivi. Kuchemsha lita moja ya maji ya nyuzi 20 kunahitaji kilojuli 335. Maana yake ni kwamba kwa sekunde nne au tano, kona moja tu, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha birika la lita moja na robo. Toa sehemu inayochukuliwa na upepo na injini. Inayobaki bado ni nyingi, na karibu yote inaingia kwenye diski na pedi. Barabarani unafanya hivyo mara moja kwa siku ukiwa na bahati mbaya. Uwanjani unafanya kila mzunguko. Na mpangilio mrefu wa Donington, wa kilomita 4, una mtego wake: baada ya kona za Fogarty Esses mwisho wa Starkey's, unateremka kwenda Melbourne Hairpin, halafu Goddards. Breki nzito tatu zinafuatana, na diski hazipati nafasi ya kupoa katikati.

Joto hilo linapita kwenye pedi, linaingia kwenye pistoni za kalipa, linafika kwenye mafuta ya breki. Mafuta haya yana tabia ya kunywa maji kutoka hewani, polepole, kupitia kwenye paipu za mpira na kila kifuniko kinapofunguliwa. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230. Yakishakunywa maji kiasi cha asilimia 3.7 tu, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Barabarani hutajua kamwe, kwa sababu hufiki huko. Uwanjani, kwenye mzunguko wa nane, maji yale yanachemka ndani ya kalipa na kuwa mvuke. Mafuta hayabanwi, mvuke unabanwa. Unavuta mkono wa breki, na badala ya kusukuma pistoni unabana mapovu. Ukipumzika robo saa, mvuke unarudi kuwa maji, mkono unakuwa mgumu, na pikipiki inakudanganya kwamba imepona.

Kalipa zilipopoa vya kutosha kushikika nilifungua niple ya kwanza, nikavuta mafuta kwenye chupa ya plastiki. Yalitoka na rangi ya strungi, chai ya rangi iliyokolea mpaka huoni upande wa pili. Mafuta mapya huwa na rangi ya asali nyepesi. Kijana aliitazama chupa kwa muda. "Yule aliyeniuzia aliniambia serivisi imefanywa yote," akasema. Inawezekana ilifanywa, kwa kiasi. VFR ya miaka hiyo ina breki zilizounganishwa, na fundi asiyeujua mfumo wake anamaliza kazi nusu akidhani amemaliza.

Mfumo wenyewe uko hivi. Kila kalipa ina pistoni tatu. Mkono wa breki unasukuma pistoni mbili za pembeni kwenye kalipa zote mbili za mbele. Pedali ya mguu inasukuma pistoni ya katikati ya kalipa ya nyuma, na pia pistoni za katikati za kalipa za mbele. Halafu kalipa ya mbele ya kushoto haikufungwa imara moja kwa moja: imening'inizwa ili iweze kucheza kidogo, na diski ikiivuta, inasukuma pampu ndogo iliyofungwa kwenye mguu wa shokapu. Pampu hiyo ndiyo inayopeleka nguvu nyuma kwa paipu ndefu. Ukifunga breki ya mbele, ya nyuma inafanya kazi pia bila kugusa pedali. Ni ubunifu mzuri kwa safari ya mvua na mzigo. Kwa fundi maana yake ni niple nyingi, na lazima zifunguliwe kwa utaratibu wa kitabu, pamoja na ile pampu ndogo. Ukibadilisha mafuta ya mbele tu, ya kale yanabaki kwenye paipu ndefu yakisubiri.

Mfumo huo huo ndio uliomwokoa. Mkono ulipolala pale Melbourne, alikanyaga pedali, na kwa kuwa pedali ina njia yake hadi kwenye kalipa za mbele, pikipiki ilipungua. Alikata kona kwa upana mkubwa, akainua mkono, akarudi. Kwa pikipiki nyingi pedali ni ya gurudumu la nyuma tu, na mambo yangekuwa mengine. Lakini mfumo huo una gharama yake pia: ukishaingia kwenye kona umelaza pikipiki, usiguse pedali, maana unaamsha na breki ya mbele ambayo hukuiomba. Nimewafundisha wengi kuondoa kidole cha mguu juu ya pedali kabla ya kulala, na kwa wenye VFR nalisema mara mbili.

Ushauri wangu kwa breki ni wa gharama ndogo kuliko kitu kingine chochote utakachofanya. Mafuta mapya kutoka chupa ambayo haijawahi kufunguliwa, DOT 4 nzuri au 5.1, kila mwanzo wa msimu. Usinunue DOT 5 ukidhani ni kaka wa 5.1; hiyo ni silikoni, haichanganyiki na haya. Badilisha paipu za mpira za tangu kiwandani uweke zilizosukwa kwa nyuzi za chuma, kwa sababu mpira wa zaidi ya miaka ishirini hutanuka ndani ukikandamizwa, na kila unapotanuka unakula sehemu ya nguvu ya mkono wako. Pedi zisiwe chini ya milimita tatu. Fedha iliyobaki usinunulie eksozi. Hata hivyo eksozi ya kiwandani itakusaidia, maana viwanja vya Uingereza hupima kelele na wanaorudishwa nyumbani asubuhi mapema ni wale wenye mabomba ya kupiga makelele.

Tairi sasa. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara: 3419 ni wiki ya 34 ya mwaka 2019. Soma hizo kabla hujasifia kashata. Mpira unakauka, na tairi ya miaka tisa yenye kashata nzima ni mbaya kuliko ya mwaka jana iliyoliwa nusu. Mimi ikipita miaka mitano siipeleki uwanjani. Uzuri wa VFR800 ni kwamba rimu zake ni za inchi 17 mbele na nyuma, zinachukua 120/70 na 180/55, vipimo ambavyo kila kiwanda kinatengeneza hadi leo. VFR750 ya 1986 ilikuwa na inchi 16 mbele na 18 nyuma, na kuipatia tairi za kisasa za kasi ni kazi ya kutafuta. Ukienda kununua pikipiki ya zamani kwa ajili ya uwanja, angalia rimu kabla ya kusikiliza injini.

Usikimbilie tairi za mashindano. Zinataka joto ambalo anayeanza hawezi kulizalisha, na zikiwa baridi zinateleza. Tairi nzuri ya barabara inapata moto kwa mizunguko miwili na inakuambia mapema inapoanza kuchoka. Upepo ndio unaobadilika. Kiwango cha barabarani kwa pikipiki hii ni PSI 36 mbele na 42 nyuma, na kiko hivyo kwa sababu ya abiria na mizigo. Uwanjani tairi inachemka, upepo wa ndani unapanda, tairi inavimba na kugusa lami kwa sehemu nyembamba. Mimi huanza na 31 mbele na 32 nyuma zikiwa baridi, kisha nazipima mara tu pikipiki inapoingia piti, kabla sijavua glavu. Zikipanda kupita kiasi napunguza, na ninaandika kwenye daftari hali ya hewa ya siku hiyo.

Donington inafundisha kitu kuhusu joto la tairi ambacho hakuna darasa litakachokupa. Ukitoka Goddards, kona ya kushoto, unapita mbele ya piti kwa mwendo, unaingia Redgate kulia, halafu Hollywood kulia tena. Muda wote huo upande wa kushoto wa tairi unapigwa upepo na haugusi lami. Kisha barabara inaporomoka mteremkoni, na hapo hapo unaombwa uilaze pikipiki kushoto, kwa kasi, kwenye Craner Curves. Asubuhi ya baridi, mzunguko wa kwanza au wa pili, watu wazuri wameanguka hapo wakiwa hawajafanya kosa wanaloweza kulieleza. Kosa ni kwamba wameipa tairi moja imani moja, kumbe ina pande mbili zenye joto tofauti. Nawaambia vijana: mizunguko mitatu ya mwanzo Craner ipite kama umebeba mayai.

Shokapu nitazipitia upesi. Za mbele kwenye VFR zimetengenezwa kwa ajili ya starehe, na springi zake ni laini. Ukifunga breki kwa nguvu, pua inazama sana, mkia unanyanyuka, na mzigo wote unahamia kwenye tairi ya mbele. Badilisha oili yake, ambayo kwa pikipiki nyingi ninazopokea haijawahi kuguswa tangu itoke kiwandani na inatoka nyeusi yenye harufu ya samaki. Funga kamba ya plastiki kwenye mguu wa shokapu, kaa juu ukiwa na mavazi yako yote, mwombe rafiki asawazishe pikipiki, kisha pima umezama milimita ngapi. Kati ya 35 na 40 ni pazuri kuanzia. Ya nyuma ikandamize kwa mikono kwenye kiti na uiachie: inatakiwa ipande mara moja itulie. Ikidundadunda, oili ya ndani imekwisha kazi yake, na hakuna marekebisho ya bisibisi yatakayoirudisha.

Halafu punguza uzito kwa kuondoa, si kwa kununua. Masanduku na vyuma vyake, kishikio cha abiria, na hasa stendi ya kati. Chini ya vikanyagio kuna vijiti vya chuma vinavyokwaruza lami kukuonya kwamba umelala sana. Hivyo vinakunjika na havina neno. Kinachofuata kugusa ni stendi ya kati, ambayo haikunjiki, na chuma kisichokunjika kikigonga lami kinaweza kuinyanyua tairi ya nyuma. Sogeza kiwiliwili ndani ya kona, goti nje, ili pikipiki ibaki imesimama kidogo zaidi kwa kasi ile ile. Bandika utepe juu ya taa, kunja vioo. Kabla ya hayo yote pigia simu kampuni yako ya bima, kwa kuwa bima nyingi za barabara hapa zinakoma kwenye lango la uwanja.

Kuna kitu kimoja cha VFR800 ambacho wageni hawakitarajii: rejeta zake ziko mbili, ubavuni, kushoto na kulia. Ukiwa kwenye mwendo hazina shida. Ukipanga foleni ya kutoka piti dakika tano injini ikiwaka, joto linapanda haraka. Zima injini, subiri, washa wenzako wanapoanza kusogea. Na mipira ya maji iliyopasuka pasuka ibadilishe nyumbani, kwa sababu maji yenye dawa ya kuzuia kuganda yakimwagika kwenye lami, anayekufuata nyuma ndiye atakayelipa.

Kazi ya breki ilituchukua chakula cha mchana chote na raundi mbili. Nilimpa kijana spana ya niple, mimi nikawa kwenye mkono wa breki na pedali: bana, fungua, funga, achia. Tulianza na pampu ndogo ya kwenye shokapu, tukamaliza nyuma, chupa nzima ikaisha. Alipoingia raundi ya saa tisa nilisimama ukutani nikihesabu. Mzunguko wa nane ulipita, wa tisa, wa kumi. Kila alipofika mwisho wa Starkey's niliona pua ikizama mahali pale pale, bila kuyumba, na waliokuwa na pikipiki mpya zaidi walikuwa wanampita kwenye mnyooko na kumkuta tena mbele yao kwenye mteremko wa Craner, akipita laini kama mtu anayeijua njia ya kwao.

Saa kumi na moja bendera ya mwisho ilishushwa. Tulibandua utepe kwenye taa, tukakunjua vioo, tukajaza upepo hadi 36 na 42. Akaangalia pedi kwa tochi, zote mbili za mbele na ya nyuma, na hilo sikumwambia mimi. Akafunga begi lake dogo juu ya kiti cha abiria. "Asante, fundi. Nikifika nitakupigia." Akaubana mkono wa breki mara mbili, akawasha, akashika barabara ya kurudi Leicester.